Mzani unanunua maji: bei ya mahindi na sumukuvu

Chukua gunia la mahindi la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 82 za mahindi hasa na kilo 18 za maji. Likaushe hadi asilimia 13.5, ambayo ndiyo kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki kwa nafaka hii. Zile kilo 82 zipo palepale, lakini mzani sasa unasoma kilo 94.8. Kilo 5.2 zimeondoka na jua. Kama mnunuzi anatoa shilingi 600 za Tanzania kwa kilo bila kuuliza unyevu, mkulima aliyekausha amepoteza shilingi 3,120 kwa kila gunia, na hapo bado hajalipwa siku mbili za kugeuza mahindi, turubai wala kibarua.

Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ndogo inaeleza tatizo la sumukuvu kuliko semina nyingi zinazofanyika kulihusu. Tumezoea kusema mkulima hana elimu. Mkulima anajua vizuri sana kwamba mahindi mabichi huvunda. Ndiyo maana yale ya kula nyumbani anayachagua, anayaanika vizuri na kuyaweka kando. Anajua pia mzani unalipa nini. Ili aliyekausha asipate hasara, mahindi yake yangepaswa kununuliwa kwa shilingi 633 pale ambapo yenye maji yananunuliwa kwa 600, na hiyo 33 inarudisha uzito wa maji tu. Sokoni bei inayotajwa ni moja kwa wote.

Sumukuvu, au aflatoksini, hutengenezwa na kuvu, hasa Aspergillus flavus, anayeishi kwenye udongo na masalia ya mazao. Anapenda joto la nyuzi 25 hadi 35 na punje yenye maji ya kumtosha. Punje ikishuka chini ya asilimia 13.5 hawezi kukua. Ikiwa asilimia 18 kwenye stoo yenye joto, siku chache zinamtosha. Sumu yenyewe ilianza kutambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960. Walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka nje, chakula cha mifugo cha bei nafuu. Leo inajulikana kuwa inaharibu ini na kusababisha saratani yake, na hatari inaongezeka mara nyingi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya mahindi, na aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanyika kwenye magunia 1,000 ya kilo 100. Huwezi kuionja, kuinusa wala kuiona. Na moto wa jikoni hauiondoi: ugali unapikwa kwenye joto la maji yanayochemka, wakati sumu hii inahitaji zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike.

Wapo wanaodhani kwamba mahindi ya bei ya juu ndiyo salama na ya bei ya chini ndiyo mabaya. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mahindi huwa ghali zaidi kabla ya msimu mpya. Katika maeneo yenye msimu mmoja hiyo ni Januari hadi Machi, na wakati huo gunia lililopo sokoni limekaa miezi sita au zaidi, limetobolewa na wadudu, limepita mvua chini ya bati linalovuja. Bei imepanda kwa sababu chakula ni haba, na uhaba huohuo unamfanya kila mtu alegeze macho. Punje ambazo Julai zingetupiwa kuku, Februari zinaingia kinuni.

Ndivyo ilivyokuwa Kenya mwaka 2004, katika iliyokuwa Mkoa wa Mashariki, hasa Makueni na Kitui. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na watu walivuna mapema na kuyaweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba, wengine kwa kuogopa wizi. Watu 317 waliugua na 125 kati yao walikufa. Bidhaa za mahindi 350 kutoka masoko 65 ya eneo hilo zilipopimwa, asilimia 55 zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 20 kwa kilo, na asilimia 7 zilivuka 1,000. Maana yake hata aliyekuwa na fedha ya kununua hakuwa salama. Machakos ilikwisha kuonja jambo hilo mwaka 1981, ambapo watu 12 walikufa. Tanzania zamu yake ilifika mwaka 2016: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliripotiwa wagonjwa 68 na vifo 20.

Hivyo ni vifo vya haraka, vinavyoonekana. Dozi ndogo za kila siku haziandikwi gazetini. Zinafanya kazi kwenye ini kwa miaka mingi, na tafiti kadhaa, zikiwemo za Tanzania, zimezihusisha na udumavu wa watoto.

Shambani: gharama inapoanza

Kuvu huanza kuingia mhindi ukiwa umesimama, hasa ukame unapokuta mahindi yanachanua na wadudu wanapotoboa gunzi. Kwa hiyo hata mkulima anayekausha vizuri anaweza kuvuna sumu tayari. Dawa iliyothibitika hapa ni kuvu dhidi ya kuvu: Aflasafe, punje za mtama zilizopakwa Aspergillus wa kienyeji wasiotengeneza sumu. Aina za Kenya zilitangulia, Tanzania ikasajili TZ01 na TZ02 mwaka 2018. Kiasi ni kilo 4 kwa ekari (kilo 10 kwa hekta), inarushwa kwa mkono wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Ukirusha kwenye ardhi kavu, kuvu hao hawaoti, na ndege na sisimizi wanakula fedha yako. Ukirusha baada ya kuchanua umechelewa, wabaya wamekwisha kujenga. Ikifanywa sawasawa hupunguza sumu kwa asilimia 80 na zaidi. Lakini turudi kwenye mzani: mnunuzi asiyepima sumu hamlipi mkulima senti moja kwa kazi hiyo, na ndiyo sababu watu huitumia vizuri panapokuwa na mradi au mnunuzi wa mkataba, kisha wakaiacha mradi ukiondoka.

Kuvuna kuna alama yake. Pukuchua punje katikati ya gunzi, kwangua ncha yake. Ukiona doa jeusi, punje imekomaa. Hapo bado ina asilimia 30 au zaidi ya maji. Ukiacha mahindi yasimame shambani wiki kadhaa yanapungua unyevu bure, ila dumuzi, wadudu wanaotoboa punje, wanaingia, mabua yanaanguka, na mvua ikikurupuka kila gunzi lililogusa udongo linaokota kuvu. Mahali pakavu kuna nafasi ya kusubiri. Mahali ambapo mavuno ya msimu mmoja huangukia mvua za mwingine, vuna mapema na ukaushe kwenye kichanja.

Kisha turubai. La mita 4 kwa 5, mahindi yakitandazwa unene wa sentimita 4, linabeba magunia matano hadi sita. Yageuze kila nusu saa hadi saa. Jioni kunja turubai juu yake kabla umande haujashuka. Anayeacha wazi usiku asubuhi anaanza upya, na punje iliyolowa na kukauka mara kwa mara inapasuka. Ufa ni mlango wa kuvu. Ndiyo maana pia kupura kwa fimbo ndani ya gunia ni uharibifu, hasa mahindi yakiwa bado na unyevu: punje zinavunjika, na chenga ndizo zinazobeba sumu kuliko punje nzima. Tumia mashine au kipukuchulio cha mkono, na mahindi yawe yameshuka walau hadi asilimia 16 hivi.

Kwa asiye na kipimo cha unyevu, chupa na chumvi. Chupa ya mililita 750, safi na kavu kabisa. Ijaze mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu ya kawaida, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, umeshuka chini ya 15, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kazi imekwisha. Kati ya 15 na 13.5 bado kuna siku nzima ya jua. Chumvi yenyewe ikiwa imevuta unyevu jikoni, jaribio linadanganya, ianike kwanza.

Msimu wa bei na mfuko

Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa anauza bei ikiwa chini kabisa, wiki ambayo kila mtu anauza, na anauza haraka kabla hayajakauka. Ghala salama lingemruhusu kusubiri, kwa hiyo uhifadhi ni suala la bei kabla halijawa suala la afya.

Mifuko isiyopitisha hewa, kama ile ya PICS, ina matabaka mawili ya plastiki ndani na kiroba cha kawaida nje. Wadudu na punje wanamaliza oksijeni iliyobaki ndani, dumuzi wanakufa bila sumu, na kuvu anakosa pumzi. Tangu dumuzi mkubwa aonekane Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mahindi kwenye kiroba cha kawaida bila dawa yanaweza kugeuka vumbi kabla bei haijapanda. Ukitumia shilingi 5,000 kwa mfuko unaodumu misimu mitatu, unalipa takriban 1,700 kwa msimu. Kilo sita tu zikiokolewa kwa bei ya shilingi 300 zaidi ya ile ya mavuno, mfuko umejilipa, bila kuhesabu kilo zenyewe.

Ila mfuko haukaushi wala hausafishi. Ukiweka mahindi ya asilimia 16 yatachacha ndani humo, na sumu iliyokwisha kuingia haitoki. Jaza, kandamiza hewa yote itoke, funga plastiki ya ndani kwa kuisokota na kuikunja, kisha ya pili, kisha kiroba. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta. Tundu moja la panya linarudisha hewa, na kufungua pia, kwa hiyo usifungue kila wiki kuchota. Familia inayochota itenge mfuko wake.

Kuhusu vidonge vya fosfini vinavyouzwa bei rahisi madukani, niseme kwa herufi nzito: haviwekwi kwenye nyumba wanamolala watu. Gesi yake inaua binadamu kama inavyoua dumuzi. Aliyenunua kidonge ili aokoe gunia anaweza kupoteza watoto usiku mmoja.

Kwa nini mahindi ya mtu mdogo hayapimwi

Mwaka 2021 mwezi Machi, Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani Namanga. Baada ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uje na cheti cha kuonyesha kwamba sumu iko chini ya mikrogramu 10. Sina tatizo na kikomo hicho. Ninachotaka msomaji aone ni hesabu ya kukitimiza.

Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo. Magunzi machache mabaya hubeba karibu yote. Punje moja ya gramu 0.3 ikiwa na mikrogramu 100 za sumu, jambo linalowezekana kwa punje iliyooza vibaya, inatosha kuvukisha kilo 10 za mahindi safi hadi kwenye kikomo. Ukichota kiganja kimoja juu ya gunia, karibu hakika utaikosa na kupata majibu mazuri ya uongo. Sampuli inayoaminika inachukuliwa kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia, kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, vipande vidogo vingi vinavyokusanywa kuwa kilo tano hadi kumi. Zote zinasagwa laini, zinachanganywa, ndipo kijisehemu kinapimwa. Kusaga gramu 50 na kutupa nyingine ndilo kosa linaloharibu vipimo vingi kabla ukanda wa kupimia haujafunguliwa.

Tuseme kipimo kizima, pamoja na kusaga, kinagharimu shilingi 40,000. Kwa mzigo wa tani 10, hiyo ni shilingi 4 kwa kilo. Kwa mkulima mwenye magunia mawili ni shilingi 200 kwa kilo, theluthi ya bei yake. Ndipo soko linapogawanyika: mahindi makubwa, ya kiwanda na ya kuvuka mpaka, yanapimwa, madogo yanaingia soko la mtaani bila swali. Na yale makubwa yaliyokataliwa hayapotei. Yanashuka bei na kurudi kwa njia ileile, kwa mnunuzi asiyepima.

Njia ya kutoka ni mizigo ya pamoja. Wakulima 50 wenye magunia mawili kila mmoja wana tani 10, mradi wakubaliane kitu kimoja kigumu: kila gunia lipimwe unyevu mlangoni kabla halijachanganywa. Kipimo cha unyevu kinatoa jibu papo hapo, na gunia lenye asilimia 17 likipita kwa urafiki linaharibu la watu 49. Vyama vya msingi vilivyoshindwa hapa vilishindwa kwa kumuonea mtu haya.

Jedwali la bei linalofanya kazi

Mnunuzi anayetaka mahindi makavu aandike bei ya unyevu ukutani. Chukua 600 kwa asilimia 13.5. Ukikata kulingana na maji tu, kila asilimia moja inayozidi ni kama shilingi 7, kwa hiyo ya asilimia 18 yatakuwa shilingi 569. Angalia kinachotokea: kilo 100 kwa 569 ni shilingi 56,900, na kilo 94.8 zilizokaushwa kwa 600 ni 56,880. Karibu sawa kabisa. Mkulima hana sababu ya kukausha, kwa maana siku zake mbili hazijalipwa.

Kata shilingi 15 kwa kila asilimia. Sasa ya asilimia 18 ni 532.5, gunia ni 53,250, na aliyekausha anapata 3,630 zaidi kwa gunia. Turubai moja lenye magunia matano linampa zaidi ya 18,000 kwa siku hizo mbili, na hapo watu wanakausha bila kuhubiriwa. Jedwali lisimame wiki zote za msimu. Mnunuzi akililegeza siku moja kwa sababu lori lake halijajaa, habari inafika vijijini kabla ya jioni na jedwali limekufa.

Kuna makato mengine yasiyoonekana kwa mzani wala kwa debe. Debe na kisado vinapima ujazo: punje iliyotobolewa na dumuzi inajaza nafasi ileile na punje nzima, na chenga zinajaza vizuri zaidi. Lumbesa nayo inafuta kila motisha, kwa sababu gunia lililoshonewa kilemba linanunuliwa kwa kichwa chake na hakuna anayeuliza ndani mna nini. Kupiga vita lumbesa huwa tunakuelewa kama kumlinda mkulima asipunjwe. Kunamlinda mlaji pia.

Halafu kuna makapi. Kuchambua kwa mkono, kutoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye matundu, ni kazi inayopunguza sumu sana kwa sababu ileile kwamba punje chache hubeba nyingi. Ukitoa kilo 4 kwenye gunia la kilo 100, kwa 600 umetoa shilingi 2,400. Ukizirudisha kwenye kilo 96 zilizobaki, ni shilingi 25 kwa kilo. Jumlisha 33 za maji, 25 za makapi na 4 za kipimo: kilo ya mahindi salama inapaswa kuwa karibu 662 pale mengine yanapouzwa 600, kabla ya jasho la kukausha. Familia inayokula kilo mbili kwa siku ingelipa takriban shilingi 125 zaidi. Sioni kwa nini bei hiyo isiandikwe wazi kwenye mfuko wa unga, na sababu yake kando yake.

Zile kilo 4 zinakwenda wapi? Kwa kawaida zinauzwa kwa shilingi 150 au 200, mahindi ya kuku. Bata na vifaranga hudhurika haraka. Ng'ombe wa maziwa akila pumba au makapi yenye sumu, sehemu ya B1 inatoka kwenye maziwa ikiwa M1, sumukuvu ya aina nyingine, na kuchemsha maziwa hakuiondoi. Sehemu nyingine ya makapi inakwenda kwenye pombe za kienyeji, na sehemu inasagwa na kuchanganywa. Yachome moto au yafukie. Mwenye kiwanda anayeyauza kwa sababu 2,400 inamuuma amehamisha sumu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine.

Unaponunua

Unga unaficha kila kitu, kwa hiyo ukiweza nunua punje. Zamisha mkono hadi kiwiko ndani ya gunia: pakiwa na joto, kuna unyevu au wadudu. Punje kavu inapasuka kwa kishindo ukiing'ata. Yenye maji inabonyea. Omba bambo liingie katikati na chini, kwa sababu sura ya juu hupangwa. Kuvu wa kijani au wa manjano ni dalili mbaya kuliko yote. Mweupe au wa waridi mara nyingi ni Fusarium, mwenye sumu yake nyingine, fumonisini. Lakini punje isiyo na kuvu wa kuonekana inaweza kuwa na sumu, na hapo kuchambua hakutoshi.

Nyumbani chambua kwenye ungo mpana penye mwanga, si jioni. Kisha osha: punje nyepesi zinazoelea ziondoe zote, ndizo zilizoliwa ndani. Ukiosha lazima uanike tena siku hiyohiyo hadi zikauke kabisa kabla ya kusaga, la sivyo umeanza upya ulichokuwa unakikimbia. Kukoboa huondoa ganda na kiini, mahali ambapo sumu hujikusanya, kwa hiyo sembe hubeba kidogo kuliko dona iliyotokana na mahindi yaleyale. Dona ina lishe zaidi, na mimi naipenda, lakini ni chakula cha mahindi uliyoyachambua mwenyewe. Dona ya bei ya chini usiyojua ilikotoka ni mahindi mazima pamoja na kila kilichokuwemo. Na pumba iliyotoka kinuni, kama mahindi hayakuwa mazuri, usimpe ng'ombe wa maziwa kwa kuwa ni ya bure.

Angalia pia unga wenyewe. Mashine nyingi hunyunyizia mahindi maji kabla ya kukoboa ili ganda litoke kirahisi. Unga ukifungwa kabla haujakauka, yale maji yanauzwa mara ya pili, kwa bei ya unga, na ndani ya wiki chache mfuko una vibonge na harufu ya uvundo. Unga hautakiwi kuzidi asilimia 14. Mfuko unaotoa ubaridi ukiushika kiganjani, au wenye umande ndani ya nailoni, uache dukani.

Karanga ni hatari kuliko mahindi, na bei yake inadanganya kwa namna yake. Zilizo nzima, zenye rangi moja, ndizo ghali. Zilizosinyaa, zilizomenyeka na zilizobadilika rangi zinachambuliwa na kusagwa, kwa kuwa zikisagwa hazitambuliki, na siagi ya karanga ya bei ya chini kabisa sokoni mara nyingi imeanzia hapo. Nunua nzima, chambua, saga mwenyewe.

Hili linagusa uji wa watoto moja kwa moja. Unga wa lishe unaochanganya mahindi, karanga, soya, mchele na vingine sita unakusanya hatari za vyote kwenye kikombe kimoja, tena kwa mtoto wa kilo nane ambaye hana chakula kingine. Karanga zikisagwa pamoja, mafuta yake yanaufanya unga uchache mapema. Afadhali unga wa mtoto uwe wa nafaka moja au mbili zilizochambuliwa, ulezi au mtama ukipatikana, kwa kuwa kwa kawaida hubeba sumukuvu kidogo kuliko mahindi, usagwe wa kutosha wiki mbili au tatu tu. Karanga nzima zikae kwenye chombo chake, kikavu na kilichofungwa. Siku ya kupika chambua kiganja kimoja, kaanga, twanga, na utie kwenye uji ukikaribia kuiva.